Vijidudu vya Ngozi na Mgonjwa Atibiwaye Kansa

Tazama mkono wako. Labda umeoga asubuhi hii kwa sabuni, nawe waona ya kuwa ni safi. Ni safi kweli, lakini si mtupu. Juu ya ngozi ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo, tajiri kwa maskini, vyakaa vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Wenye elimu huviita bakteria. Mahali pakavu, kama juu ya mkono, huwa maelfu katika nafasi iliyo sawa na ukucha wa kidole. Mahali penye jasho, kama kwapani na kinenani, huweza kufika mamilioni katika nafasi iyo hiyo.

Usiogope. Vingi vya vijidudu hivi ni majirani wema. Vyala jasho na mafuta ya ngozi yetu, navyo havitudhuru. Tena vyatusaidia, maana vikiwa vimekwisha kukaa mahali, vijidudu vibaya havipati nafasi. Shamba lililopandwa mihogo karibu karibu halina nafasi kubwa kwa magugu. Ndivyo ilivyo ngozi ya mtu mzima wa afya.

Basi, kwa nini tuandike somo juu ya majirani wema? Kwa sababu wako watu ambao kwao ujirani huu huharibika. Hao ni wagonjwa watibiwao kansa. Wengine wetu huku Fizi husema kansere, na katika vitabu vya Tanzania utaikuta kwa jina la saratani. Ni ugonjwa ule ule. Watu wengi hudhani ya kuwa mgonjwa wa kansa akifa, ni kansa iliyomwua. Mara nyingi ndivyo. Lakini wako wafao kansa ikiwa imeanza kupungua, tena dawa ikiwa inafanya kazi yake vizuri. Hao huuawa na homa ya siku mbili au tatu iliyodharauliwa. Na mara nyingi vijidudu vilivyoleta homa ile havikutoka mbali. Vilitoka katika ngozi ya mgonjwa mwenyewe, puani mwake, au tumboni mwake.

Dawa na askari wa damu

Kansa hutibiwa kwa njia tatu kubwa: kukata kwa kisu cha daktari, kuchoma kwa miale ya mashini, na kutia dawa mwilini, ama kwa vidonge, ama kwa serumu katika mshipa. Mara nyingi njia mbili au tatu hutumiwa pamoja. Tuanze na dawa.

Dawa hizi si ngeni katika nchi za maziwa. Mwaka 1957 daktari mmoja mpasuaji, Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Akaona wengine wa namna ile, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Mwishoni mwa mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa na wenzake wawili, mmoja wao Ted Williams wa hospitali ya misioni ya Kuluva, mwendo wa kilomita karibu 16,000, akiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huu huonekana. Ikajulikana ya kuwa hupatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi, yaani nchi za namna ya pwani hii yetu ya Tanganyika. Basi mama wa Baraka au wa Kazimia akiona mtoto wake anavimba taya na meno yanalegea, asikae akidhani ni jino tu.

Wakati ule Kampala haikuwa na mashini ya miale. Burkitt akajaribu dawa, na uvimbe wa watoto wengine ukayeyuka kwa siku chache tu, jambo lililowastaajabisha madaktari wa ulimwengu. Mwaka 1967 ikaanzishwa pale Kampala nyumba ya kutibu uvimbe huu, ambayo siku hizi ni Taasisi ya Kansa ya Uganda. Lakini dawa ile iliyoyeyusha uvimbe ilikuwa na kazi nyingine pia, nayo ndiyo shina la somo letu.

Dawa ya kansa huua chembe za mwili zinazozaliana upesi. Kansa huzaliana upesi, kwa hiyo hufa. Lakini mizizi ya nywele nayo huzaliana upesi, ndiyo maana nywele huanguka. Ngozi laini ya ndani ya kinywa nayo ni hivyo, ndiyo maana kinywa hutoka vidonda. Na uboho, yaani ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, nao ni hivyo; na katika uboho ndimo zinamozaliwa chembe nyeupe za damu. Chembe hizi ndizo askari wa mwili. Kijidudu kikiingia katika mkwaruzo mdogo, wao hukikimbilia, hukizunguka na kukila. Ule usaha uuonao katika jipu ni askari waliokufa vitani, wamechanganyika na vijidudu.

Mtu wa afya huwa na askari wa kwanza wa namna hii zaidi ya 1,500 katika tone la damu lililo dogo kama kichwa cha pini. (Watu wengi wa Afrika huzaliwa na hesabu iliyo chini kidogo ya hiyo, wala si wagonjwa. Ukiambiwa neno hili hospitalini, usishtuke.) Baada ya dawa ya kansa hesabu hushuka. Kwa dawa nyingi, siku za hatari ni tangu siku ya 7 hata ya 14 baada ya kutiwa dawa. Mwaka 1966 daktari Gerald Bodey na wenzake huko Marekani walionyesha kwa hesabu zao ya kuwa kadiri askari wanavyopungua, na kadiri wanavyokaa wachache kwa siku nyingi, ndivyo magonjwa ya vijidudu yanavyozidi. Wakishuka chini ya 500, mji hauna ulinzi.

Sasa fikiri. Siku ya kutiwa dawa mgonjwa yuko hospitalini, amezungukwa na wauguzi. Siku ya kumi yuko nyumbani. Amekwisha kupata nafuu ya kutapika, anakula ugali na ndagala, watu wanasema, "Sasa amepona." Siku hiyo ndiyo hatari yake.

Homa ambayo si malaria tu

Tuseme yuko mama mmoja wa Sebele ambaye ametiwa dawa ya kansa ya ziwa, naye amerudi nyumbani. Siku ya tisa jioni anasikia baridi, anajifunika kitenge cha pili. Wa nyumbani wanasema ni malaria, maana huku kwetu kila homa ni malaria mpaka ionekane vingine. Wanampa vidonge vya malaria na parasetamoli. Usiku joto linashuka, wanafurahi. Kesho yake linapanda tena. Siku ya tatu hajui majina ya watoto wake, mikono ni ya baridi, na mkojo umepungua. Wakimleta hospitalini saa hiyo, daktari atafanya awezavyo, lakini vijidudu vimekwisha kuijaza damu.

Walikosea wapi? Si kwa kufikiri malaria. Malaria iko, na kipimo chake lazima kifanywe. Walikosea kwa kungoja. Mtu aliyetiwa dawa ya kansa akipata homa, huhitaji dawa ya kuua vijidudu katika mshipa ndani ya saa moja tangu kufika kwake hospitalini, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha malaria. Mambo mawili yaweza kuwa katika mwili mmoja. Na parasetamoli iliyotolewa kabla ya kupima joto ni kama kuzima kengele huku moto unaendelea kuwaka. Haifai kuitoa mpaka daktari au muuguzi amekwisha kumwona mgonjwa.

Nunueni kipima joto, enyi mlio na mgonjwa wa namna hii. Katika mambo yote ya kununua, hili ni la kwanza, kabla ya soda na kabla ya maziwa ya kopo. Kiwekwe kwapani. Kisiwekwe katika njia ya haja kubwa, maana mahali pale huchubuka upesi na vijidudu huingia. Kipimo kikifika 38.3 hata mara moja, au kikikaa 38.0 kwa muda wa saa moja, safari ya hospitalini ianze, iwe ni mchana au usiku. Kwapani huonyesha pungufu kidogo kuliko joto lenyewe la mwili, kwa hiyo ukiona 38 kwapani usibishane na kipimo. Tena wako wagonjwa, hasa wazee, ambao huingiwa na vijidudu bila joto kupanda: hutetemeka tu, au hupumua mbio, au hulegea. Hao nao waende.

Kwa sababu iyo hiyo ya njia ya haja kubwa, lazima niseme neno juu ya bomba la mpira. Desturi ya kumtia mgonjwa dawa za majani kwa nyuma ni ya zamani katika Kongo, na mama wengi huifanya kwa upendo, hata kwa watoto wadogo. Kwa mtu atibiwaye kansa ni hatari kubwa. Mwisho wa utumbo umejaa vijidudu, na ngozi ya pale imekonda kwa ajili ya dawa. Mkwaruzo mmoja watosha. Hali kadhalika kuchanja kwa wembe ili "kutoa ugonjwa": kila chale ni mlango, nao askari wa kulinda mlango hawapo.

Kuna jambo moja hapa ambalo hata watu wenye akili nyingi hulikosa. Tumezoea kujua kidonda kibaya kwa usaha wake. Lakini tulisema usaha ni askari waliokufa. Je, mtu asiye na askari atatoa usaha kutoka wapi? Kidonda chake chaweza kuonekana kikavu na kitulivu, kumbe vijidudu vinaenea chini ya ngozi. Na vitabu vya Ulaya hufundisha kutafuta wekundu, lakini katika ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha. Basi usitumaini macho peke yake. Weka mgongo wa mkono wako juu ya mahali pale, kisha juu ya ngozi iliyo mbali kidogo. Je, pana joto zaidi? Bonyeza polepole. Je, anasikia maumivu kuliko jana? Je, ngozi inang'aa, au imekuwa ngumu, au imezidi weusi? Hizo ndizo ishara zetu.

Kijidudu kikaacho puani

Katika vijidudu vyote vya ngozi, kimoja chastahili kujulikana kwa jina: stafilokoko. Daktari Alexander Ogston wa Aberdeen, Uskoti, alikiona katika usaha wa majipu kwa darubini yake karibu na mwaka 1880, na mwaka 1882 akakipa jina hilo kwa Kigiriki, maana vilikuwa vimeshikamana kama kishada cha zabibu. Kama angalikuwa mtu wa Fizi, labda angalisema ni kama chikichi katika mkungu wa mchikichi.

Kijidudu hiki hupenda kukaa puani. Kati ya watu kumi wenye afya, karibu watatu wanacho puani, nao hawajui. Kutoka puani huenda vidoleni, kutoka vidoleni huenda kila mahali tujikunapo. Ndicho kiletacho majipu, na usaha wa kidonda cha upasuaji, na kikiingia katika damu chaweza kufika moyoni na mifupani. Mwaka 2001 madaktari wa Ujerumani waliwachunguza wagonjwa waliokuwa na stafilokoko katika damu, wakalinganisha na kile cha puani mwao. Kwa zaidi ya wanane katika kila kumi kilikuwa kile kile. Yaani adui hakutoka nje ya mji, alikuwa mwenyeji.

Yuko na nduguye, mpole kuliko yeye, akaaye juu ya ngozi ya watu wote. Huyu hupenda plastiki. Mgonjwa akiwekewa mrija mshipani kwa ajili ya serumu, ndugu huyu hujishika juu ya mrija na kujijengea kama utando, na polepole hushuka nao mpaka katika damu. Kwa hiyo ukiwa na mrija, usiuguse, usiulowanishe kwa kuoga, wala usimruhusu mtu kuufungua bila kunawa mikono. Muuguzi akipaka spiriti, aache ikauke kabla ya kuchoma sindano. Kukauka kwake ndiko kuuako. Ukiona amesahau, mwambie kwa adabu. Muuguzi mwema hatakasirika.

Habari mpya kutoka New York

Miale ya mashini haimfanyi mgonjwa kusikia moto wakati anapochomwa. Lakini baada ya juma mbili au tatu ngozi ya mahali pale huanza kuwa nyeusi zaidi, kavu, yenye kuwasha, na kwa wengine huchubuka na kutoa maji. Maumivu yake ni makali, na mara nyingine daktari hulazimika kusimamisha miale, na kansa hupata kupumua. Kwa miaka mingi tulifikiri ya kuwa ni kazi ya miale peke yake.

Mwaka 2023 madaktari wa hospitali ya Montefiore mjini New York walitangaza jambo jipya. Kwanza waliwachunguza wagonjwa 76 wa kansa ya ziwa au ya kichwa na shingo kabla ya miale. Kati ya wale ambao ngozi yao iliungua vibaya baadaye, karibu nusu walikuwa na stafilokoko puani tangu mwanzo. Kati ya wale walioungua kidogo tu, hawakufika mmoja katika watano. Kisha wakajaribu dawa kwa wagonjwa 77, wengi wao wenye kansa ya ziwa. Sehemu moja walipewa mafuta ya mupirosini ya kupaka puani mara mbili kwa siku, na sabuni ya maji ya klorheksidini ya kuogea, siku tano mfululizo kabla ya miale, na tena siku tano kila majuma mawili. Sehemu nyingine walitunzwa kwa desturi. Kati ya waliotunzwa kwa desturi, 9 walichubuka na kutoa maji. Kati ya waliopewa dawa, hakuna hata mmoja.

Mimi naona habari hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana dawa hizi mbili si za bei ya mashini. Lakini wagonjwa 77 ni wachache, na madaktari wa mahali pengine wapaswa kujaribu nao. Basi usikimbilie duka la dawa la sokoni na kununua mafuta yoyote yenye jina la kufanana. Mupirosini ikitumiwa ovyo, vijidudu huizoea, na siku ya haja haitafanya kazi. Ukipangiwa miale, iwe Kampala, iwe Dar es Salaam katika hospitali ya Ocean Road, muulize daktari wako: "Je, yafaa nisafishwe vijidudu vya pua na ngozi kabla ya kuanza?" Ni swali jema, wala hakuna daktari atakayelicheka.

Huku kwetu Fizi hakuna mashini ya miale. Atakayepata miale atavuka ziwa kwenda Kigoma na kuendelea na safari, au atapanda kuelekea kaskazini, na mara nyingi atakaa miezi mbali na kwao, pengine kwa ndugu waliokimbilia Nyarugusu tangu mwaka 1996. Kwa hiyo lazima ajue kutunza ngozi yake mwenyewe, kwa kuwa binti yake au dada yake hatakuwapo. Mahali pa miale paoshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa kiganja na si kwa kitambaa cha kusugulia. Pakaushwe kwa kugusagusa kwa kitambaa laini. Alama zilizochorwa kwa wino zisisuguliwe, maana ndizo zimwonyeshazo fundi mahali pa kupiga. Pasipakwe mawese, wala majivu, wala dawa ya meno, wala pasibandikwe plasta. Pasipigwe na jua. Nguo iwe pana, ya pamba. Mwanamke atibiwaye ziwa na aache sidiria kwa wakati huo ikiwa yamkwaruza.

Maji, kucha na nguo

Mgonjwa aoge kila siku. Wengine huogopa kumwogesha mtu dhaifu, wakisema baridi itamwingia. Maji yapashwe moto, mlango ufungwe, naye ataoga salama. Hatuwezi kuvifuta vijidudu vyote, wala haifai kujaribu kwa kusugua kwa nguvu, maana ngozi iliyochubuka ni mbaya kuliko ngozi yenye vijidudu. Twataka vipungue tu, hasa mahali pa kujificha: kwapani, kinenani, chini ya matiti, kati ya vidole vya miguu. Pakaushwe vizuri, kwa sababu unyevu ni chakula chao.

Asiogee ziwani. Nasema hivi nikijua ya kuwa ziwa letu ni zuri, nasi sote tumelelewa ndani yake. Lakini mji wa Baraka unajulikana mpaka ng'ambo kwa kipindupindu chake, na maji yaletayo kipindupindu hayamfai mtu asiye na askari. Maji ya kumwogesha yachemshwe yakapoe, au yatiwe klorini jinsi mfundishwavyo kwenye kituo cha afya.

Kucha zikatwe fupi, maana chini ya ukucha mrefu ndipo stafilokoko husafiria. Avae viatu au kandambili hata uani. Akiingiwa na funza asimchokoe kwa pini ya nyumbani, aende kwa muuguzi. Akiwa na upele, atibiwe yeye na wote walalao naye siku moja, maana kujikuna usiku hufungua milango mingi. Chunusi isikamuliwe. Nywele zikianguka, ziachwe zianguke; asinyolewe kwa wembe uliopita katika vichwa vya watu kumi. Na nguo zake zipigwe pasi, hata za ndani, maana nzi wengine hutaga mayai juu ya nguo zianikwazo, na buu hutoboa ngozi.

Kidonda chenye harufu

Wako wanawake huku kwetu ambao kansa ya ziwa imekwisha kupasuka kuwa kidonda. Mama wa namna hii huja kanisani akaketi karibu na mlango, au nje chini ya mwembe, au haji kabisa, kwa sababu ya harufu. Wengine husema amelogwa. Sikiliza vizuri: harufu hiyo si ya kansa yenyewe, wala si ya uchawi. Ni kazi ya vijidudu vipendavyo kukaa mahali pasipo hewa, katika nyama iliyokufa. Navyo vina dawa. Metronidazoli, dawa ile ile tuijuayo kwa kuhara damu, ikipondwa na kuwekwa juu ya kidonda kwa agizo la daktari, yaweza kupunguza harufu sana kwa siku chache.

Kidonda kioshwe kila siku kwa maji ya chumvi: chukua nusu lita ya maji yaliyochemka, tia kijiko kidogo cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe. Mimina polepole, usifute, kwa kuwa nyama hii hutoka damu upesi. Kitambaa kikigandamana na kidonda, kilowanishe mpaka kiachie chenyewe. Kisha funika kwa kitambaa safi kilichochemshwa na kukauka. Kansa yaweza kuwa imebaki, lakini mama huyu ataweza kuketi katikati ya dada zake, na jambo hilo si dogo.

Wageni

Watu wetu hawamwachi mgonjwa peke yake, nasi tusiiache desturi hii. Lakini mgeni anawe mikono kwa sabuni kwanza. Wekeni beseni na sabuni mlangoni, mtoto mmoja akae hapo kumimina maji. Hivyo hakuna atakayeona haya. Mwenye jipu, mafua, kikohozi au kidonda chenye usaha asalimie kwa mbali siku hiyo. Na wazee wa kanisa wajao kumwekea mgonjwa mikono na kumwombea, wao nao wanawe, tena wa kwanza, ili wengine waone. Mkono wa mchungaji una stafilokoko kama mkono wa mvuvi.

Usiku ukifika

Mwisho, yapangeni haya mgonjwa angali mzima, siku ile ile arudipo kutoka kutiwa dawa. Andikeni ukutani tarehe ya dawa, mkahesabu mpaka siku ya 14. Weka karatasi zake zote za hospitali katika mfuko mmoja wa plastiki, na fedha ya pikipiki humo humo, isiguswe kwa neno jingine. Uliza mapema ni wapi pana daktari na dawa ya mshipa usiku: ni Baraka, au ni Nundu, au ni mahali pengine palipo karibu nawe. Njia zetu hufungwa kwa mvua, na mara nyingine kwa bunduki. Akaaye mbali na aombe kwa rafiki au ndugu wa mjini kitanda cha majuma mawili, akae karibu na hospitali mpaka siku za hatari zipite.

Na mkifika hospitalini saa nane za usiku, msiseme tu, "Ana homa," maana wenye homa ni wengi, naye ataketishwa mwisho wa msitari. Semeni hivi: "Mtu huyu anatibiwa kansa. Alitiwa dawa siku kumi zilizopita. Joto lake lilikuwa 38.5 saa sita za usiku, wala hatujampa parasetamoli." Kisha mpe muuguzi zile karatasi, hata kama zimeandikwa kwa Kiingereza nawe hukujua zasema nini. Usiende kukaa barazani. Simama pale mpaka amezisoma.